Pikipiki ya Mjane wa Hamurwa

Shule ya Msingi Rwanyena,
Hamurwa, Kabale.
4 Machi 1996

Mama Natukunda mpenzi,

Nimefurahi kusoma kwamba kikohozi kimekuachia na kwamba chakula cha chuoni sasa kinashuka. Huku kwetu tu wazima. Natukunda ameng'oka meno mawili ya mbele na anacheka kwa kufunika mdomo kama bibi harusi. Mama anakusalimu, goti lake linamsumbua asubuhi tu. Mvua imeanza na viazi vya shamba la juu tumeshavipalilia.

Nina jambo nataka tushauriane. Unaikumbuka ile pikipiki nyekundu ya marehemu Rwabutomize, Bwana Mifugo? Mjane wake anaiuza. Imekaa miaka mitatu kwenye banda la mbuzi imefunikwa magunia. Nilipita Jumamosi nikaiona. Tairi zimepasuka, kiti kimetafunwa na panya, cheni imekuwa kutu tupu. Lakini nilipoipiga kiki ilikohoa. Mara moja tu, lakini ilikohoa.

Wewe unajua njia yetu ilivyo wakati wa mvua. Nafika darasani nina tope hadi magotini na watoto wananitazama miguu badala ya ubao. Na mtoto akiugua, kutoka huku juu hadi zahanati ya Hamurwa ni kumbeba mgongoni. Mpya hatuwezi kuinunua hata tukizeeka. Hii, kwa akiba yetu ya mabati ya jiko, inawezekana. Mama atavumilia moshi msimu mmoja zaidi.

Waulize mafundi wa huko mjini, kisha uniambie. Sitafanya lolote kabla hujajibu.

Mumeo,
Baba Natukunda


Kampala, 13 Machi 1996

Baba Natukunda,

Salamu nyingi. Mimi mzima, masomo ni mengi, usingizi ni mchache. Mwambie Natukunda asifunike mdomo, mapengo ni ya kila mtu. Mpe pole mama kwa goti.

Nilikwenda kwa fundi mmoja Mganda karibu na bweni letu, wanamwita Ssalongo kwa sababu ana mapacha. Nilipomweleza alicheka hadi akaweka spana chini. "Miaka mitatu na mbuzi? Mama, hiyo si pikipiki tena, hiyo ni ndugu yao." Baadaye akanipa maswali ya kukuuliza. Fungua tanki uchungulie: kuna kutu ndani? Ikiwaka, moshi ni wa rangi gani? Ukiwa wa buluu, injini inakunywa oili, basi ringi za pistoni zimekwisha. Kadi ipo? Iko kwa jina la nani? Akasema neno moja zaidi alilotaka nilikariri: usiguse hata bolti moja kabla hujaileta kwako. Mtu akitengeneza kitu cha mwenzake kwenye ua wa mwenzake, kinabaki cha mwenzake.

Hayo ni ya Ssalongo. Yangu ni haya. Naikumbuka hiyo pikipiki, lakini namkumbuka zaidi mwenye pikipiki. Si yule Mnyankole, Peninah Kebirungi, mwenye shingo ndefu, aliyekuja kwenye harusi ya binamu yako na gauni la kijani na wanaume wote wakasahau kumtazama bibi harusi? Nawe ulikuwa mmoja wao, nilikaa karibu yako. Amekaa na pikipiki miaka mitatu bila kuiuza. Mwaka niliotoka nyumbani ndio ameona inafaa kuuzwa?

Ni swali tu. Jibu na yale ya Ssalongo pia.

Mkeo,
Mama Natukunda


Rwanyena, 25 Machi 1996

Mama Natukunda mpenzi,

Natumaini barua hii imekukuta na afya. Sisi hatujambo, ila kuku wawili wamechukuliwa na kicheche.

Mwambie Ssalongo kutu kwenye tanki ipo, nimeisugua kwa changarawe na mafuta ya taa hadi ikatoka. Kabureta nimeifungua, ilikuwa imejaa vumbi na mende. Plagi nimenunua mpya. Jumamosi iliyopita iliwaka kwa muda wa mtu kuvuta pumzi mbili. Moshi ni wa buluu. Kwa hiyo kweli, ringi zimekwisha, na klachi inateleza. Kadi ipo, iko kwa jina la marehemu. Mwenyekiti wa kijiji amesema atatuandikia hati ya mauziano.

Najua utauliza, kwa hiyo nasema mwenyewe: ndiyo, nimeanza kuitengeneza kwake. Ningeifanyaje? Haisukumiki, breki ya nyuma imekamata gurudumu. Kuhusu bei anasema, "Mwalimu, iwashe kwanza, tutaelewana ikishanguruma." Ni mtu mzuri wala hana neno. Anakaa zake barazani anasuka mikeka huku mimi naendelea na kazi. Jumamosi hii alinikaribisha chakula, akapika eshabwe. Tangu harusi yetu sijala mchuzi wa samli mweupe namna ile, unateleza wenyewe. Nikamwambia lazima nikuandikie.

Nadhani tuinunue. Unasemaje?

Mumeo,
Baba Natukunda


Kampala, 2 Aprili 1996

Baba Natukunda,

Hujambo. Mimi sijambo.

Eshabwe!

Nimeisoma barua yako darasani, nikaikunja, nikaikunjua, nikaisoma tena chooni. Eriyazari, unajua eshabwe inavyopikwa? Mtu anakaa na samli na magadi anapiga, anapiga, mkono unakufa ganzi, hadi iwe nyeupe. Mimi nilipikiwa siku ya harusi na shangazi watatu wakipokezana. Fundi anapewa uji wa mtama kwenye kikombe cha bati, anaupokea kwa mkono wenye oili. Hakuna mwanamke anayempigia samli fundi!

Na yeye anasuka mikeka barazani. Kila Jumamosi. Mbuzi nao wanafanya nini, wanaimba kwaya?

Nilikuambia usiguse bolti. Ulisema hutafanya lolote kabla sijajibu, nami nilipojibu ulikuwa tayari umesugua tanki, umefungua kabureta, umenunua plagi. Pikipiki ya nani hiyo unayoitengeneza? Ikinguruma atasema amebadili nia, nawe utabaki na mikono myeusi na tumbo lililojaa samli. Au hujali kama itanunuliwa, mradi Jumamosi zisiishe?

Lala na jambo hili. Ama uilete nyumbani ilivyo, ama uache kabisa. Akiba ya mabati isiguswe.

Jovanis


Rwanyena, 20 Aprili 1996

Mama Natukunda,

Habari za masomo? Huku tu wazima. Natukunda amekuwa wa pili darasani.

Sikuandika mapema kwa sababu kila nilichoandika nilikichana. Umenisema kama mtoto. Peninah ni mjane anayejiheshimu, na watu wanaopita njia ile wote wananiona uani mchana kweupe nikiwa chini ya gurudumu.

Tena kama ni mambo ya kuulizana, mimi pia nina masikio. Kondakta wa basi anayetuletea barua ameniambia amekuona mara mbili unashuka kwenye gari jeupe la mwalimu wa chuo. Mimi sikuandika. Mimi sikuuliza. Nilisema mke wangu yuko masomoni, atapandishwa na gari, atashushwa, ndiyo mambo ya mjini. Kwako gari jeupe ni sawa, kwangu pikipiki ya mbuzi ni dhambi?

Injini nimeifungua yote. Sasa haiwezekani kuisukuma kwa sababu iko vipande vipande.

Wewe ndiye uliyechaguliwa, Jovanis. Acha na mimi nichague kitu kimoja.

Baba Natukunda


Kampala, 29 Aprili 1996

Baba Natukunda,

Gari jeupe ni la Bi. Nansubuga anayetufundisha Hesabu. Ana miaka sitini na miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kuitafutia ile ya kwanza. Tulikuwa watano ndani ya gari tumebeba madaftari.

Mimi nimejibu langu. Wewe hukujibu la eshabwe.

Usiniandikie tena habari za klachi.

Jovanis


Rwanyena, 12 Mei 1996

Mama Natukunda mpenzi,

Natumaini u mzima. Nimekosa juu ya gari jeupe na naomba radhi. Mama ameuliza kwa nini sisomi barua zako kwa sauti siku hizi.

Tafadhali andika.

Mumeo


Rwanyena, 26 Mei 1996

Mama Natukunda,

Wiki mbili basi linapita, na kondakta ananitikisia kichwa kabla sijamfikia. Natukunda amekuandikia mwenyewe kwenye karatasi ya pili, nimemshika mkono kwenye herufi ya N tu, zilizobaki ni zake. Kama u mgonjwa, mwambie mwenzako mmoja aandike. Kama hu mgonjwa, andika hata tusi.

Mumeo


Kampala, 1 Juni 1996

Baba Natukunda,

Naomba usome barua hii peke yako, na usimpe mama.

Si mgonjwa. Wiki zile ulizokuwa unamsubiri kondakta, nilikuwa sijui niandike nini, kwa sababu nilikuja huko.

Ndiyo. Alhamisi tarehe kumi na sita nilimwambia mkuu wa bweni kwamba nimefiwa na shangazi, Mungu anisamehe, shangazi mzima kabisa. Nikapanda basi la alfajiri hadi Kabale, kisha gari la viazi hadi Hamurwa. Nilikuwa nimevaa kitambaa kichwani hadi kwenye nyusi. Nilijiambia nitafika ghafla, nimkute huyo mwanamke katika hali yake ya kila siku. Nilitaka awe amezeeka. Kama hakuzeeka, basi awe mchafu.

Ni mzuri, Eriyazari. Nakuambia kama nilivyoona. Alitoka na kanga ya kawaida, miguu mitupu, na bado shingo ni ile ile. Nikamsalimia, nikasema natoka Kabale, nimesikia kuna pikipiki inauzwa, kaka yangu anaitaka.

"Karibu, dada. Lakini utaicheka," akasema. Akanipeleka bandani. Pikipiki imesimama juu ya matofali haina moyo. Injini yote iko kwenye beseni la kufulia, imefunikwa kitambaa safi. "Hilo lilikuwa beseni langu. Sasa nafulia ndoo. Kuna mwalimu anaitengeneza, ana mkono mzuri ila ana haraka ya kufungua na uvivu wa kufunga."

Nikamwuliza, mwalimu yupi? Huja mara ngapi? Anakaa hadi saa ngapi? Ana mke? Ananunua kweli au anapitisha muda tu? Nilidhani nauliza kwa ujanja. Yeye akajibu moja moja, taratibu, kisha akakaa juu ya kinu, akanitazama.

"Dada," akasema, "umekuja kutazama pikipiki na hujaitazama hata mara moja. Wewe ndiye Jovanis."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikavua kile kitambaa. Nikamwambia, kwa kuwa aibu ilikuwa imekwisha kunipata, "Kwa nini ulimpikia mume wangu eshabwe?"

Hakucheka. Akasema, "Ilikuwa siku ya kumbukumbu ya mume wangu. Kila mwaka nilikuwa nampikia. Mwaka huu kulikuwa na mtu anatengeneza kitu chake, nikaona nisile peke yangu. Kama ningejua itafika Kampala ningekula na mbuzi."

Kidogo nilitaka kumpenda, Eriyazari. Kidogo. Ndipo akaongeza, kwa wema tu, alifikiri ananituliza: "Usimwonee mumeo. Tangu alipokosa ile nafasi ya chuo amekuwa mtu wa kujisemea na spana."

Nikasema, "Nafasi gani?"

Nilimwona anavyotamani kulirudisha lile neno. Ikabidi nimlazimishe, naye akanisihi kwanza nikae. Kwamba uliomba chuo mwaka ule ule nilioomba mimi. Kwamba ulikwenda Kabale kusoma majina ubaoni kabla yangu, ukakuta langu lipo na lako halipo. Kwamba ulirudi nyumbani ukaniambia, "Hongera, mama, umechaguliwa," na nilipokuuliza kwa nini wewe hukuomba, ukasema mmoja wetu lazima abaki na mtoto. Nami nikakusifu mbele ya mama yako! Nikawaambia wanawake wa kanisani kwamba mume wangu amejitoa kwa ajili yangu. Wewe ulikuwa umekaa pale pale unakula maharage.

Ulimwambia yeye. Hukuniambia mimi.

Miezi hii nimeumwa na wivu wa mikeka na samli na shingo, na vyote vile havikuwa kitu. Ungelala kwake nadhani ningejua la kufanya, ningepiga kelele, ningewaita wazee. Lakini kuna chumba ndani yako ambacho yeye ameingia akakaa, na mimi miaka tisa sikujua hata kama kuna mlango. Wivu huo sijui nauweka wapi.

Alinisindikiza hadi kwenye kona ya barabara. Pale ng'ambo ya bonde niliona moshi wa jiko letu. Mama alikuwa anapika. Pengine Natukunda alikuwa uani. Nilisimama hapo hadi gari likaja, nikarudi Kabale.

Sina swali lolote juu ya pikipiki. Fanya unavyotaka.

Jovanis


Rwanyena, 14 Juni 1996

Jovanis,

Afya yangu ni nzuri, na ya watoto wote wa darasani, na ya mama, na ya Natukunda. Nayasema haya haraka ili nifike kwenye neno.

Ulisimama kwenye kona ile. Jana nilikwenda nikasimama pale pale nikatazama nyumbani kwetu. Unaona hadi kamba ya nguo. Ulimwona binti yako au hukumwona, ukageuka. Hilo ndilo nililokufanyia.

Ni kweli niliomba. Nilisoma majina mara nne, nikidhani karani ameruka mstari. Nilipokuambia hongera nilikuwa na furaha, naapa, lakini chini ya furaha kulikuwa na kitu kingine kinachonuka. Wewe ndiye niliyekufundisha kuandika maandalio ya somo, siku ulipofika Rwanyena mgeni hujui hata kengele iko wapi. Nikajiuliza, wamemwona nini ambacho kwangu hawakukiona? Nilikuonea wivu, Jovanis. Kila barua uliyoandika juu ya Bi. Fulani na Profesa Fulani niliisomea mama kwa sauti ya kujivunia, kisha nikaenda nje kukata kuni ambazo hazikuhitajika. Pikipiki niliitaka kwa ajili ya tope na zahanati, hayo ni kweli. Lakini zaidi niliitaka ili siku utakaporudi na cheti, usishuke kwenye basi ukakuta mume wako ni yule yule wa miguu.

Kwa nini nilimwambia Peninah? Kwa sababu kwake halikuwa na uzito. Alinitazama, akasema "Pole, mwalimu," akaendelea kusuka. Wewe ungelia, ungesema utaacha chuo, kisha mimi ningelazimika kukukataza, na rohoni pengine nisingetaka kukukataza. Niliogopa kukiona hicho.

Sasa pikipiki. Nilitaka kuiacha kabisa. Lakini nilikuwa nimeifungua. Kumwachia mjane kitu chake ndani ya beseni kungekuwa uhuni. Na kuendelea kwenda kule kila Jumamosi sikuweza tena. Kwa hiyo Jumamosi iliyopita nilimwambia naichukua ilivyo, akanitajia bei ya chuma chakavu, nikailipa kwa akiba ya mabati. Hilo nimelifanya bila ruhusa yako na nalisema. Nikailegeza breki, nikafunga injini kwa bolti nne tu isianguke, nikamrudishia beseni lake nimelisafisha kwa majivu, tukaagana mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Nikaisukuma. Kutoka Hamurwa hadi kwetu, mlima wote ule, tairi hazina upepo. Unawajua watu wetu. Wale wanaovuna mtama waliacha kazi wakasimama kwenye kingo. "Mwalimu, siku hizi pikipiki ndiyo inampanda mtu?" "Mwalimu, mpe mgongo, imechoka!" Mama mmoja alinifuata nusu maili akinipigia makofi kama naingia na bibi harusi. Nilipofika nyumbani mikono ilikuwa imechubuka kiasi kwamba Natukunda ndiye aliyeninywesha maji. Mama akaizunguka mara mbili akauliza, "Haya ndiyo mabati yangu?"

Haiwaki. Ringi sijapata. Imekaa ukutani upande wa jiko.

Ndani ya bahasha hii nimeweka fomu ya chuo ya muhula ujao. Nimeijaza kwa wino. Naomba uisome yote kabla ya kuipeleka ofisini. Ukiona haifai kwenda, ichane, sitauliza.

Eriyazari


Kampala, 25 Juni 1996

Baba Natukunda,

Natumaini mikono imepona. Mimi nimepona kidogo, si yote. Bado nikikumbuka kwamba yeye alijua kabla yangu, nahisi kama mtu aliyekuta mgeni anavaa nguo zake. Itachukua muda, usiniharakishe. Mabati nayo utayalipa kwa jasho, wewe na mama yako mtajuana.

Fomu nimeisoma nimekaa kitandani. Nilipofika pale panapouliza, "Je, umewahi kuomba kabla ya hapa?" nikakuta umeandika: "Ndiyo, mwaka jana. Sikuchaguliwa. Mke wangu alichaguliwa nami nikamficha."

Niliipeleka mwenyewe. Karani akaisoma, akainua macho. "Hii sentensi ya mwisho haihitajiki, mama. Nafasi hapo ni ya ndiyo au hapana tu. Nikupe fomu nyingine?"

Nikamwambia aiache hapo hapo ilipo, agonge muhuri.

Tunafunga chuo tarehe kumi na mbili Julai. Nitashuka Hamurwa mchana siku hiyo. Usije na pikipiki, hata kama itakuwa imewaka. Njoo kwa miguu. Mlima ni mrefu, na nina maswali mengi ambayo sitaki kuyaandika.

Mkeo,
Jovanis